Ndege ya Kuwinda

Kijiwe cha nyuma ya soko la Kasongo ni ubao mmoja juu ya tairi mbili za lori, pale Binti anapouza kahawa ya tangawizi. Asubuhi hiyo ndege ya vita ilipita mara mbili ikielekea Kabambare, na watu wa kijiweni walipayuka ili woga wao usisikike. Abedi, fundi baiskeli, aliendelea kukaza spoku. Mwanawe Moussa anachimba dhahabu Salamabila, upande huohuo wa Kabambare, na simu yake ilikuwa siku ya tano haiiti.

— Redio imesema mapilote wa avion de chasse, hizi ndege za vita, wamekwisha, alianza Clovis, wanayemwita Ripota. Ndege ziko, wenye kuziongoza hawako.

— Wachukue sisi watu wa moto, akasema Salomon Usukani, dereva wa pikipiki. Mutu mwenye anapitisha watu tatu na mbuzi ku njia ya Kabambare na mvua, ndege itamushinda nini? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Ndege inaenda juu. Utainama wapi? Ripota akamuuliza.

— Nikipita chini ya mawingu.

— Hakuna haja ya pilote, Ripota akaamua. Waifunge kamba, tuivute toka chini sawa mutumbwi mu mto kule Nyangwe.

— Kamba hukatikia pabovu, akasema Usukani.

— Njo maana tutatafuta kamba yenye haina pabovu.

Mzee Hippolyte, anayejulikana kwa jina la Mtego, akacheka kwa dharau.

— Nyinyi hamusikii Kifaransa. Chasse ni kuwinda. Serikali inatafuta wawindaji. Niko na miaka makumi tatu mu pori. Mutu mwingine ashike usukani, mimi niketi mbele. Kitu kikitikisika, napiga.

 Abedi naye alitaka waasi wenye bunduki waondoke kule migodini, nani hataki? Lakini vya kutikisika katika pori la Salamabila vilikuwa vingi, na kimoja alikizaa yeye.

Pikipiki ikasimama. Akashuka mwanamke mwenye vumbi hadi kwenye kope, akaomba kahawa. Maneno ya mwisho alikuwa ameyasikia.

— Shikamoo, baba. Miye ni Léocadie, natoka Salamabila, siku mbili ku njia. Watu wa bunduki wanavaa bote, viatu vya mpira, na kofia. Wachimbaji nabo wanavaa bote na kofia. Kule juu utawatenganisha namna gani?

— Muwindaji anafwata nyayo, akasema Mtego, kisha akatazama juu.

Ripota akatazama kikombe chake.  Abedi aliwaangalia mmoja mmoja. Uongo wowote kwamba inawezekana angeupokea kwa shukrani. Alitaka kumuuliza mama huyu kama anamjua Moussa, ila aliogopa jibu, akauliza lingine.

— Mama, ile ndege ya leo ilipiga wapi?

— Sijui, baba. Tuliisikia, tukaruka toka ku moto, tukalala, uso mu udongo. Hakuna mwenye aliangalia.