Idarous, Aliyewatengea Watoto wa Amerika Viti Vyao

Baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya viti vya magari hapa Saltley, Idarous Ishaka anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025. Ana miaka hamsini na sita. Umri wa kustaafu haujamfikia. Kifua ndicho kilichomtangulia. Wenzake wameniomba mimi, Saleha, mama yake, niandike maneno haya ya kumuaga, kwa kuwa nami niliwahi kushona vitambaa vya viti humo kabla magoti hayajanikataza. Tena wangeandika wao wangemsifu kidogo, na mimi nisingenyamaza.

Alianza kwa kufagia vipande vya sponji. Akapanda akawa mkataji, kisha fundi mkuu wa viti vya mfano, vile vinavyopelekwa Amerika vikakaguliwe kabla oda haijatolewa. Mimi sikusoma sana, lakini mtoto mwenye akili namjua nikimwona, na huyu nilimjua angali kwenye nepi.

Watu hudhani vani ya familia huuzwa na injini yake. Idarous alikuwa akitueleza mezani, chakula kikipoa, kwamba huko Amerika mnunuzi ni mama mwenye mtoto mkono huu na mifuko ya sokoni mkono ule. Anataka mlango uteleze wenyewe, viti vya nyuma vilale chini, vikombe vipate pa kukaa, naye awafikie watoto wa nyuma bila kushuka. Vani mbili zinaweza kuwa na bei moja na nguvu moja, hii ikagombewa na ile ikabaki kwa muuzaji inapigwa jua.

Yote hayo aliyajua, na bado alikosea. Miaka michache iliyopita kampuni iliwauliza mafundi viti vya katikati viweje, naye akachagua benchi moja refu. Kwetu mtaani Sparkbrook watu wakienda harusini hakuna anayeuliza gari lina viti vingapi. Huulizwa nani amebaki. Harbhajan, mkataji aliyefanya kazi ubavuni pake miaka mingi, alimwonya: "Ndugu yangu, Wamarekani hawasogei." Idarous akamjibu, "Kila mtu husogea akisukumwa." Karakana nzima ikacheka, na benchi likapelekwa.

Vani ile haikuuzika. Watoto walipigana viwiko njia nzima, na mama akishafunga viti viwili vya watoto wadogo juu ya benchi, hana pa kupita kwenda nyuma. Vani ya washindani ilikuwa na viti viwili vilivyotengana, na ujia katikati, nayo ikatoka kama mkate wa asubuhi. Oda yetu ikakatwa nusu. Watu kumi na mmoja wakapunguzwa kazi, Harbhajan akiwemo. Siku anaondoka aliweka mkasi wake juu ya meza ya Idarous akasema, "Haya, sogea sasa, uijaze na nafasi yangu." Hawajasemezana tena mpaka leo.

Wakati huo daktari alikwisha kumwambia Idarous aachane na vumbi la sponji na moshi wa gundi. Nikamwambia, "Mwanangu, viti hivi vitakuua." Akanijibu, "Mama, hawa waliobaki nao wakifukuzwa, nitaishi vipi?" Basi akakaa. Majira mawili ya baridi alikata, akafumua, akakata tena, barakoa usoni na kikohozi ndani yake. Alipopata viti viwili vyenye ujia, aliniita nijaribu. Nilipita na koti langu la baridi, mkoba wangu, na nyonga nilizojaliwa. Bi Paramjit, meneja, akasema, "Kama Bi Saleha amepita, Amerika yote itapita." Naye hakukosea.

Oda ilirudi. Waliobaki wana kazi, na wanawake wa huko wanawapitia watoto wao katikati ya gari bila kujua ni nani aliyewafungulia njia. Najisifu, ndiyo, mwanangu ni huyo. Lakini waliopunguzwa hawakuitwa tena, maana ukataji sasa hufanywa na mashine. Naye Idarous hupanda ngazi za nyumbani kwa makalio, kipandio kimoja kimoja, na hulala ameketi. Daktari hazungumzii tena kupona.

Idarous, wote unaowaacha kazini wanakushukuru, na mimi niliyekuzaa nawashukuru wao kwa kukubebea vifurushi miezi hii ya mwisho. Mwenyezi Mungu akujaalie siku nyepesi, na walau usiku mmoja wa kulala chali. Nanyi wenzake, njooni nyumbani kumtazama. Msimchekeshe sana, maana akicheka hukohoa mpaka midomo ikageuka rangi. Lakini mchekesheni kidogo.