Macho ya Kaka Masilamani

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, shemeji Kirubai mjane wa marehemu, wenzetu wa kituo cha majaribio cha mlimani, na ninyi nyote mliojaa mpaka nje kwenye migomba, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu, Asirvatham Masilamani, nami nimeipokea kwa sababu desturi ya hapa Puliyadi ni kwamba mdogo ndiye humsomea mkubwa. Ukurasa huu ameuandika shemeji jana kwa mkono wake mwenyewe, na ni ukurasa mzuri, ila una mstari mmoja usio wa kweli, ambao yeye hajui kwamba si wa kweli, na nitakapoufikia sitausoma kama ulivyo. Naomba mnivumilie, na shangazi pale mbele aache kunionyesha saa.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Machi 1959, hapa Puliyadi, mtoto wa kwanza wa mzee Asirvatham, mgema wa mivumo, ile mitende mirefu ya utomvu mtamu, na mama yetu Thangammal. Mimi Swamidas nilizaliwa tarehe 2 Juni mwaka uliofuata, nikakuta jina la babu limeshachukuliwa, mgongo wa mama una mwenyewe, na kila shati nililovaa mpaka nilipofika darasa la saba lilikuwa limeshapigwa jua likiwa mgongoni mwake. Nasema haya ili mjue anayewasomea ni nani, maana nimemwonea wivu mtu huyu kwa miaka sitini na mitatu, na leo nikijifanya malaika mbele ya jeneza lake itakuwa dhambi ya pili.

Alisoma shule ya misheni ya hapa kuanzia mwaka 1964, akawa wa kwanza kila mwaka, nami nikawa wa sita, na mama alikuwa na wimbo mmoja tu, "Mtazame kaka yako." Basi nilimtazama mpaka nikachoka. Baba akiwa juu ya mvumo, kaka akiwa chini alijua mtungi umejaa au bado kwa namna kamba ilivyotikisika, akamwambia mama aandae jiko la kuchemshia sukari kabla baba hajaanza kushuka, na majirani walikuja kumwangalia mtoto huyo kama wanaokwenda kutazama maonyesho. Nami nilisimama pale pale, nikatazama kamba ile ile, nikaona kamba tu. Mwaka 1977 alikwenda mjini Nagercoil kusomea ufundi wa vipimo, akamaliza mwaka 1979 na cheti cha daraja la kwanza, ambacho mama alikitundika ukutani juu ya picha ya harusi yake mwenyewe.

Aliajiriwa katika kituo cha mlimani Jumatatu tarehe 3 Februari 1986, nami nikamfuata tarehe 11 Januari 1988, katika chumba kile kile cha udhibiti. Wengi wenu mnakijua kituo kwa king'ora chake tu, kile ambacho kikilia kina mama huteremsha vyungu kwenye rafu na wachungaji wa mbuzi hurudi nyuma ya barabara, kisha mlima unanguruma, na moshi mweupe unapanda upande wa bondeni. Kazi yetu pale ni kuwasha injini ya roketi ikiwa imefungwa kwenye jukwaa la chuma, isiende popote, tuione inavyojimudu kabla haijapewa satelaiti ya kubeba. Na katika chumba chenye watu ishirini na watano, mmoja peke yake hukaa mbele ya kitufe chekundu cha kuzima, naye haombi ruhusa kwa mtu yeyote, akiona baya anabonyeza. Mtu huyo alikuwa kaka, tangu mwaka 1990. Kiti chake kilikuwa cha mbao, cha kawaida, kina mto alioushona shemeji, na mimi nilikitamani kiti kile kuliko nilivyowahi kutamani nyumba au shamba.

Tarehe 20 Mei 1987 alifunga ndoa na Kirubai hapa hapa kanisani, na kituo kizima kilikuja, mpaka wapishi wa kantini. Ndoa yangu na Pushpam ilikuwa tarehe 5 Juni 1991, na siku hiyo kulikuwa na jaribio refu, kwa hiyo hakuja mtu wa kituoni isipokuwa dereva wa basi, na mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, injini ikanguruma mlimani, kanisa zima likacheka. Kaka alikuwa kwenye kitufe. Alifika jioni akiwa na nguo za kazi, anakimbia, wali wa ndimu umekwisha, nikamwambia, "Hata leo, kaka? Hata leo ilikuwa lazima uwe wewe?" Akajibu, "Niliomba ruhusa, wakaninyima, mdogo wangu, nifanyeje?" Sikumwamini, na miaka mingi baadaye nilipoambiwa na mkuu mwenyewe kwamba ni kweli aliomba mara mbili, iliniuma zaidi, maana ilionyesha kwamba yeye hakuweza kukosekana kazini hata siku moja, na kukosekana kwangu hakuna aliyekuona.

Mungu alimjalia binti mmoja, Sugirtha, aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1989, ambaye leo ni mhandisi katika kituo hicho hicho. Mimi na Pushpam hatukujaliwa.

Sasa nimefika kwenye mstari wenyewe. Shemeji ameandika hivi, "Mwaka 2011 marehemu alihamishiwa stoo kwa sababu macho yake yalikuwa yamedhoofika." Hivyo ndivyo alivyoambiwa, na hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyoambiwa, na aliyewaambia ni kaka mwenyewe.

Alhamisi tarehe 17 Novemba 2011 tulikuwa tunajaribu injini mpya, ya roketi kubwa iliyokuwa ikingojwa na nchi nzima, na wageni kutoka makao makuu walikuwa wamekaa kwenye roshani ya kutazamia. Asubuhi wenzetu Wahindu walivunja nazi ya baraka mbele ya jukwaa kama kawaida, na kaka, Mkristo, ndiye aliyeshika sahani na kula kipande kikubwa kuliko wote. Injini ilitakiwa iwake sekunde mia mbili. Kando ya skrini za kompyuta kaka alikuwa amekataa katakata kuondolewa kwa kipimo kimoja cha zamani, cha mshale, kinachoonyesha mtikisiko wa pampu ya oksijeni, na kanuni yetu ilikuwa kwamba kipimo hicho kitazamwe na watu wawili, mwenye kitufe na mtu wa pili, na kitufe kikibonyezwa, mtu wa pili aandike katika kitabu cha majaribio kama naye ameona. Akiandika ameona, kuzima ni halali. Akiandika hakuona, mwenye kitufe ataondoka kitini mpaka uchunguzi useme vingine. Mtu wa pili siku hiyo nilikuwa mimi.

Sekunde ya arobaini na moja kaka alibonyeza. Ngurumo ikakatika, wageni wakasimama. Mkuu wetu wa majaribio, Bwana Seshadri, ambaye namwona ameketi benchi la pili, alikuja mbio na uso mwekundu.

"Masilamani, umefanya nini?"

"Mshale umetikisika, bwana. Mara tatu."

"Kompyuta inaonyesha shwari! Umezima injini ya taifa kwa ajili ya mshale? Swamidas, wewe uliona?"

Ndugu zangu, niliona. Ulitikisika mara tatu, upesi, kama kamba ya baba, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona alichoona yeye, wakati ule ule, bila kuambiwa. Nilipaswa kufurahi kwa hilo. Badala yake nilikitazama kile kiti, na mdomo wangu ukasema, "Sikuona, bwana." Kisha nikachukua kalamu, nikaandika hivyo hivyo kitabuni, nikatia sahihi kwa mwandiko mzuri, maana nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo ninayoiogopa mpaka leo.

Kaka aligeuka akanitazama. Akachukua mto wake akatoka.

Kompyuta zilikuwa zinachukua wastani, mtikisiko mfupi namna ile ukamezwa ndani yake, kwa hiyo uchunguzi haukuona kosa la injini, ukaona kosa la mtu. Kaka akapelekwa stoo kugawa glovu na bolti, na vijana wakipita dirishani walimtania, "Mzee, leo umeziona glovu au umeziota?" naye akawajibu, "Zimetikisika mara tatu, chukueni upesi." Mimi nikapewa kiti.

Shangazi, tafadhali, acha. Na shemeji, naona umesimama. Ukisema niache, nitaacha, nitakaa chini, mchungaji amalizie. Ameketi. Asante, shemeji.

Alhamisi tarehe 8 Desemba injini ile ile iliwashwa tena, mimi nikiwa kwenye kitufe, na nitawaambia kitu ambacho hata Pushpam sijawahi kumwambia, kwamba sikuangalia skrini hata mara moja. Nilijua pampu ina ugonjwa. Mshale ulipotikisika katika sekunde ya hamsini na nane nilibonyeza, na mtu wa pili, ambaye hakuwa na kaka wa kumwonea wivu, akaandika ameona. Pampu ikafunguliwa, ukakutwa ufa kwenye panga lake moja, na wahandisi wakasema ingeendelea sekunde kumi zaidi jukwaa lote lingeteketea. Wakasema pia ufa ulianza jaribio la pili, kwa kuwa kitabu kilikuwa kimeshasema kwamba katika la kwanza hakukuwa na kitu. Nilivishwa shali ya heshima. Picha yangu ilitoka gazetini. Kaka alitoka stoo na taji la maua ya njano alilolinunua mwenyewe, akanivisha shingoni mbele ya watu wote, akaniinamia sikioni, akasema, "Hongera, mdogo wangu. Kumbe mshale ule huwa unaonekana."

Basi. Hilo ndilo neno pekee alilowahi kuniambia juu ya jambo lile, kwa miaka kumi na miwili.

Nyumbani alimwambia mama, ambaye alikuwa bado hai, "Mama, macho yamechoka, nimeomba mwenyewe kupumzika, na bahati nzuri kiti kimebaki humu humu nyumbani." Nilikuwa mlangoni nikasikia. Alikwenda Nagercoil akanunua miwani, akaivaa mpaka mwisho, kanisani, shambani, akisoma Biblia. Jumanne jioni, mimi na mzee wa kanisa tulipokuwa tunamvisha suti ya kuzikiwa, niliichukua ile miwani nikaivaa mwenyewe, na mimi macho yangu mazima, nikaona kila kitu sawasawa kabisa, kwa sababu ni kioo kitupu, hakina nguvu yoyote. Alivaa kioo cha dirisha miaka kumi na miwili ili mama asiulize, na ninyi msiulize, mdogo wake alikuwa wapi siku ile. Na mnajua nilihisi nini nikiwa nimesimama pale na miwani ya maiti usoni? Wivu. Hata katika kunitendea mema alinishinda, na hakuniachia nafasi ya kumlipa.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2019 akiwa mtunza stoo. Agosti mwaka jana aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anapelekwa Nagercoil kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na dereva wake nilikuwa mimi, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, tukizungumza habari za ndizi, upepo na bei ya samaki. Kila safari niliwasha gari nikiwa nimeamua kumwambia, na kila safari tulifika. Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, miezi kumi na siku ishirini na nane. Mimi nilikuwa nimetoka nje kununua chai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi sita, majirani waliotupikia tangu juzi, kwaya, na wafanyakazi wa kituo mliosimamisha kazi ili mje, ingawa nafahamu kuna jaribio lililoahirishwa kwa ajili yake. Bwana Seshadri, wewe umestaafu, lakini mkuu wa sasa ameketi karibu nawe, na barua yangu aliipokea asubuhi. Nimeomba kitabu cha mwaka 2011 kirekebishwe, na shali yangu iko pale juu ya jeneza, chini ya maua. Aliyeokoa jukwaa ni huyu mnayemzika.

Shemeji, sikuombi unisamehe leo, utakuwa na siku nyingi za kufikiri. Nilikuwa nimepanga kumaliza kwa maneno mazuri zaidi, ila namwona Sugirtha ametoka kwenye benchi lake, anakuja kunipokonya karatasi, na ana haki. Mwache aje, mchungaji, usimzuie. Kaka, binti yako anakuja, anatembea kama wewe, polepole, macho mbele, na mimi nitakapokufa hakuna damu yangu itakayotoka kwenye benchi kwa hasira namna hii kwa ajili ya jina langu. Hilo nalo nakuonea wivu.

Pumzika kwa amani, kaka. Chukua, mwanangu, nimemaliza.