Sombe ya Papa Emery

Katika teksi ya kwenda Saio, Séphora aliketi kati ya mama wawili wasiojuana, kila mmoja amepakata sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Walikuwa wakienda kwenye matanga ya baba yake, na hawakujua kwamba yeye ni mtoto wa marehemu.

"Papa Emery alinichimbia choo bila kuomba kitu," alisema yule mnene. "Alikula tu sombe yangu, akasema, hii ndiyo sombe."

"Maneno ile aliniambia mimi, mama, siku alipeleka mutoto wangu ku hospitali. Weye alikuhurumia tu."

"Anihurumie juu ya nini?"

Séphora alitazama miguu yake. Sombe ilimuumiza baba yake tumbo. Kila akitoka kuila kwa watu alilala hadi jioni, bila kusema sababu.

"Huyu mutoto ataamua," alisema mnene, akifunua sufuria. "Onja. Useme kweli."

Séphora alionja. Ilikuwa na chumvi nyingi. Akaonja ya pili, ambayo haikuwa na chumvi kabisa.

"Hii ndiyo sombe," alisema.

"Gani?" waliuliza wote wawili.

Teksi ikasimama mbele ya nyumba ya Papa Emery. Séphora akashuka wa kwanza, awapokee sufuria.