Salamu za Jumapili ya Pili

Wasikilizaji wapendwa, aliye karibu na redio naomba aongeze sauti kidogo. Leo nazungumza kwa shida, na nina maneno ambayo yakinipita sasa hivi sidhani kama nitapata tena ubavu wa kuyasema. Ni saa nane mchana, Jumapili. Saa hii hii, miaka ishirini na sita iliyopita, nilikaa kwenye kiti hiki hiki nikawaambia uongo.

Tunawakumbuka wanafunzi kumi na tisa wa chuo cha kijeshi. Narudia, kumi na tisa. Walikuwa mwaka wa pili, bado wanasoma, hata cheo hawajavaa. Vita ilipochacha na askari wakawa mbali, wanafunzi arobaini na mmoja walitolewa darasani wakapelekwa kulinda daraja. Waliambiwa ni siku kumi tu, kisha warudi kwenye mitihani yao. Waliorudi hai ni ishirini na wawili.

Nikijaribu kuwasimulia wote kumi na tisa nitaishia kuwagusa juu juu, na juu juu nimeshawagusa vya kutosha. Nitamsimulia mmoja. Wenzake walimwita Pasi, na mama yake ameniambia nimwite hivyo hivyo.

Mama yake Pasi ni dobi. Kijana alikulia katikati ya marundo ya mashati ya watu, na akiwa na miaka tisa alishajua kunyoosha kola. Chuoni kulikuwa na ukaguzi kila Jumamosi, basi kila Ijumaa jioni bweni zima lilipanga foleni mbele ya kitanda chake, suruali mikononi. Yeye anapiga pasi, wenzake wanamng'arishia viatu. Mkufunzi mmoja, mtu wa kutafuta makosa kwa tochi, alimzunguka Pasi mara mbili kwenye gwaride, akakosa cha kusema, akamwambia akate kucha.

Dada yake, ambaye siku hizi ni mwalimu wa hesabu, ameniambia hivi: "Kaka alikuwa mvivu wa kila kitu isipokuwa pasi. Kufua hafui, vyombo haoshi. Lakini akija likizo ananisimamisha mlangoni asubuhi ananikagua sare ya shule. Kola ikiwa imelala vibaya, siendi shule mpaka ainyooshe. Nilikuwa nachelewa kila siku kwa ajili yake."

Sasa niingie mimi, maana bila mimi habari hii ingekuwa ya huzuni tu. Mimi ndiye niliyeitia aibu.

Nilikuwa mtangazaji wa kipindi cha salamu. Kijana, kichwa kimevimba, nikiagiza chai hotelini watu wanageuka kwa kuitambua sauti. Jumamosi moja kabla vijana hawajaondoka, nilikwenda chuoni kuwarekodi wawasalimie wazazi wao. Tulikaa kwenye darasa la ramani. Mashine yangu ya kurekodi niliiweka juu ya meza ya mwalimu, wakawa wanakuja mmoja mmoja.

Gari la kurekodi lilikuwa moja na petroli ilikuwa ya kupimiwa. Nisingeweza kuwafuata darajani. Ndipo nikapata akili, na naomba mnisikie vizuri hapa, ilikuwa akili yangu mwenyewe. Niliwaambia kila mmoja arekodi salamu mbili. Ya kwanza ni ya kesho. Ya pili ni ya Jumapili inayofuata, aseme kana kwamba wiki imeshapita.

Pasi alikuwa wa kwanza kuuliza. "Sasa hiyo ya pili niseme nini, kaka?"

"Sema bado uko mzima. Sema huko mliko kumetulia."

"Nitajuaje kama kumetulia na hata sijafika?"

"Wewe sema tu."

"Na kama nitakuwa nimeshakufa?"

Darasa liliangua kicheko. Nami nilicheka. Nikamwambia, "Ukifa nitaifuta."

"Usisahau lakini," akasema. "Mama yangu anaamini redio kuliko daktari."

Kisha akasogea kwenye kipaza sauti, akakohoa, akasema: "Mama, hii ni Jumapili ya pili. Bado niko mzima, na huku kumetulia. Chakula kipo, nimenenepa mpaka mkanda umehama tundu. Lile shati langu la bluu usimwazime mjomba, ana mabega, atalichana. Msalimie mdogo wangu, mwambie nitakuja kumkagua."

Jumapili ya kwanza nilirusha salamu za kwanza. Wote walikuwa hai. Mpaka hapo sina neno.

Jumanne asubuhi daraja lilishambuliwa. Kufikia saa tatu kila kitu kilikuwa kimekwisha. Fundi magari mmoja, ambaye enzi hizo kitanda chake kilipakana na cha Pasi, aliniambia kwamba Pasi alipigwa akiwa anajaza maji chupa za wenzake. "Hakuwa akifanya jambo la kishujaa, mzee," alisema. "Ilikuwa zamu yake ya maji. Ingekuwa zamu yangu, leo ungekuwa unazungumza naye." Walikufa kumi na tisa.

Alhamisi orodha ilifika chumba cha habari. Juu yake iliandikwa kwamba isitangazwe mpaka familia ziambiwe. Niliisoma nikiwa nimesimama. Pasi alikuwa wa kumi na mbili.

Ningependa sana kuwaambia kwamba bosi wangu alinilazimisha. Bosi wangu alikuwa likizo. Hakuna aliyeniamuru kitu. Nilijiambia kwamba nikiruka salamu za chuo watu watashtuka na siri ya jeshi itavuja. Nilijiambia pia kwamba mama hawa wapate Jumapili moja zaidi ya furaha, kuna ubaya gani. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kipindi cha dakika arobaini, nchi nzima inakisubiri, na sikutaka kukaa mbele ya kipaza sauti mikono mitupu. Salamu zikitoka, mimi nitasifiwa. Ndivyo nilivyokuwa, na naona haya kuyasema hata mbele ya fundi mitambo wangu hapa, ambaye ameinamisha kichwa.

Jumapili ya pili, saa nane mchana, nilisema kwa mbwembwe zangu zote: "Vijana wetu wako imara, wasikieni wenyewe." Nikairusha kanda, yote, na Pasi akiwemo. Alikuwa na siku tano tangu afe.

Jumatatu, afisa wa jeshi alikwenda nyumbani kwa mama yake. Alimkuta amesimama kwenye meza yake ya kazi, shati la mteja chini ya pasi. Afisa akasema alilotumwa. Mama akamtazama, akaiweka pasi pembeni, akamwambia, "Baba, umekosea nyumba. Mwanangu nimemsikia jana saa nane." Afisa akarudia. Mama akatoka nje akaita majirani watatu waje kushuhudia. Wote watatu walishuhudia. Walimsikia kwa masikio yao, amesema amenenepa, amesema mkanda umehama tundu.

Jumatano walizikwa, wote kumi na tisa, kwenye uwanja nyuma ya chuo. Mama yake Pasi hakwenda, na akamkataza binti yake asiende. Aliyekwenda ni mjomba peke yake. Aliporudi na udongo kwenye viatu, mama hakumfungulia mlango. Alimwambia kupitia dirishani, "Umekwenda kuzika mtoto wa watu, halafu unakuja kunikosesha amani."

Alisubiri miezi mitatu. Kila Jumapili alifungua redio. Mpaka siku yule rafiki wa kitanda cha jirani alipotoka hospitali akaja kumwona, akamwambia, "Mama, nilikuwepo." Mama akamuuliza, "Na redioni je?" Kijana akamweleza: salamu zote mbili zilirekodiwa siku moja.

Wasikilizaji wapendwa, mama huyo alikuja hapa kituoni. Alikaa mapokezi siku tatu mfululizo, ameshika mkoba wake mapajani, akiniulizia kwa heshima. Siku ya kwanza nilimwambia dada wa mapokezi aseme nimesafiri. Siku ya pili nilijifungia studio. Siku ya tatu niliingia mitini kupitia mlango wa jikoni, nimebeba sinia kichwani nionekane mhudumu. Mpishi aliniangalia akasema, "Mheshimiwa, hilo sinia lina vikombe vya watu." Nikaliweka chini, nikakimbia.

Hakurudi tena. Mwishoni mwa mwaka nilipewa cheti cha mtangazaji bora, na kikaning'inia ukutani kwangu miaka ishirini na mitano, nikikifuta vumbi kwa mkono wangu.

Mwaka huu vijana wa hapa kituoni waliikuta kanda ile stoo. Walikuja mbio. "Mzee, hii ni mali. Tuipige kwenye kumbukumbu ya chuo." Nikawaambia wasubiri, nikaifunga kwenye gazeti, nikaenda nayo mwenyewe kwa mama.

Nilimkuta anapiga pasi. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini mkono ni ule ule. Nikajitambulisha. Hakushtuka.

"Nilijua utakuja ukizeeka," akasema. "Kaa."

Nikakaa.

"Siku ile uliyonisikilizisha sauti ya mwanangu, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

Aliendelea kunyoosha mkono wa shati mpaka akaumaliza. Akalikunja. Akasema: "Mtaa huu wananiita yule aliyesusa mazishi ya mwanawe. Nikienda kwenye msiba wa mtu, wanawake wananong'ona. Wengine wanasema nilirukwa na akili, wengine wanasema sikumpenda. Ndugu yangu, mjomba wake, amekufa hatusemezani. Sikumzika mwanangu, na sikumzika hata huyo."

Nikamwomba msamaha. Nililia, sitaficha.

"Hayo ya msamaha tutaongea siku nyingine," akasema, "na sikuahidi kitu. Kwanza nataka unitangazie msiba wangu. Watu wote mtaani hutangaziwa misiba yao redioni. Mimi hukunitangazia. Jumapili, saa nane, kwa sauti ile ile. Na useme kwa nini sikwenda."

Nikauliza kuhusu kanda. Akanyoosha mkono, akaichukua, akaiweka kabatini.

Nilipokuwa naaga akaniuliza jambo moja zaidi. "Na wale mama wengine kumi na wanane, walizika?" Sikujua. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza. Akaniambia, "Nenda kaulize." Nimezunguka miezi miwili kuuliza. Wengine sita hawakwenda mazikoni kwa sababu ya redio. Wanne kati ya hao sita wameshafariki. Kwa hao nimechelewa, na hakuna kipindi cha kunisaidia.

Nazipa pole familia zote kumi na tisa. Poleni sana. Na ninyi mnaonisikiliza, tafadhali jiulizeni leo, kama kuna mtu mnayemficha habari yake kwa kisingizio cha kumhurumia, mnamhurumia yeye au mnajihurumia wenyewe? Mimi nililijua jibu langu tangu Alhamisi ile.

Sasa lipo tangazo.

Tunasikitika kutangaza kifo cha mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo cha kijeshi, aliyejulikana kwa jina la Pasi, akiwa na umri wa miaka ishirini. Kifo hicho kilitokea siku ya Jumanne asubuhi, darajani, akiwa kwenye zamu ya maji. Marehemu ameacha mama na dada mmoja. Mazishi yalifanyika Jumatano ya wiki iliyofuata. Mama wa marehemu hakuhudhuria mazishi ya mwanawe kwa sababu redio hii ilimwambia kwamba mwanawe ni mzima. Aliyemwambia ni mimi, na nilijua si kweli. Habari ziwafikie majirani wote wa mtaani kwake, popote walipo.