Kichaka Kilichoshughulikiwa kwa Miaka Thelathini na Moja

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mtunza bustani wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Katika muda huo ameona wakurugenzi sita. Watano wameondoka na picha zao zimetundikwa ukumbini. Wa sita bado yupo, na ndiye atakayemkabidhi mstaafu zawadi, kwa hiyo maelezo haya yameandikwa kwa adabu zote.

Wengi tunamfahamu kwa jina la Mzee Mpira, kutokana na mpira wa maji anaozunguka nao begani tangu asubuhi. Wafanyakazi wapya hudhani aliwahi kuwa mchezaji. Mwaka mmoja idara ya uhasibu ilimteua kuwa kocha wa timu yake bila hata kumuuliza, naye akakubali, maana si mtu wa kukataa kazi. Timu ilifungwa saba bila. Lakini nyasi za golini hazijawahi kupendeza kama mwezi ule.

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kutunza mawaridi. Kila mkurugenzi mpya aliagiza ya kwake kutoka mbali, yakawekewa samadi, kivuli na kibao cha kukataza watu wasiyaguse, kisha yakafa. Udongo wetu na jua la saa saba viliyashinda. Kibao kimoja bado kipo hadi leo, kinalinda mchanga mtupu.

Pembeni ya geti kulikuwa na kichaka cha porini kilichozidi kimo cha mtu, kilichojiotea hapo hata kabla ya jengo. Hakikuwa kwenye bajeti wala kwenye daftari la mali. Kwa maneno yake mwenyewe, mzee alikitunza kwa kukiacha kipumue. Kiangazi hakukimwagilia, maana kikishiba maji hutoa majani matupu. Alikipogoa mara tu maua yalipokwisha, kamwe si baadaye, kwa sababu matawi yanayochipua hapo ndiyo yanayobeba maua ya mwaka unaofuata. Majani makavu aliyatandaza chini, mbali kidogo na shina ili lisioze. Basi mwisho wa kiangazi, mawaridi yakiwa yameshatupwa jalalani, kichaka kilijaa maua meupe, na mlinzi wa getini akawa anawakagua wageni polepole kupita kiasi ili aendelee kuinusa ile harufu.

Kila mkurugenzi alikichukia. Na kila mmoja wa wale watano aliandika pembeni mwa faili neno ambalo viongozi wetu hulipenda kuliko yote: "Kishughulikiwe." Mimi ni karani wa masjala, kila faili hupita mikononi mwangu, na ndimi niliyempelekea mzee agizo na kumsomea. Hakuwa mbishi hata kidogo. Alichukua mkasi na jembe akakishughulikia: alitoa matawi makavu, akapalilia, akatandaza majani. Nami nikaandika kwamba kimeshughulikiwa. Mkurugenzi akasoma, akatia saini, faili likafungwa. Wakurugenzi watano walipigwa chenga namna hiyo, na hakuna aliyeambiwa uongo.

Wa sita, kwa bahati mbaya, Kiswahili anakijua. Mwezi huu aliandika kwamba king'olewe kabla mstaafu hajaondoka, mstaafu mwenyewe asimamie, na mahali hapo pawe maegesho ya gari lake. Nilimsomea mzee mara mbili.

"Mwanangu, humo hamna hata neno la kushika?" aliniuliza.

Nikamwambia hamna. Aliigeuza ndoo, akaikalia. Niliona aibu, ingawa barua sikuiandika mimi. Kisha akaniomba nimsomee tena, taratibu.

"Wamesema king'olewe," akasema. "Hawajasema kife."

Jumatatu ya wiki iliyopita akaanza. Alikipunguza hadi usawa wa magoti, akachimba mtaro kukizunguka kwa siku mbili, akainyanyua mizizi pamoja na udongo wake na kuifunga kwa gunia lililoloweshwa. Jumatano alasiri mkokoteni ukafika getini, na hapo ofisi ikakumbuka taratibu zake. Mali haitoki bila hati. Hati haitolewi kwa kitu ambacho hakimo kwenye daftari la mali. Mhasibu alipigiwa simu, akathibitisha kwamba kitu hicho hakipo. Mlinzi akakitazama kitu ambacho hakipo, kimejaa mkokoteni mzima, akafungua daftari la wageni. Akaandika kwamba mgeni mmoja ametoka saa kumi na dakika tano. Penye saa ya kuingia alipaacha wazi, maana kilimtangulia yeye, geti na sisi sote.

Ninapoandika haya, nimetoka kumpigia simu mke wa mzee, maana kichaka kimepandwa uani kwao. Anasema kimepukutisha hata yale majani machache yaliyobaki. Mzee alikwaruza gome kwa ukucha, akakuta ndani bado kijani, ndipo akakubali kunywa chai. Nami hapa masjala nilifurahi peke yangu kama mtu aliyepandishwa cheo.

Maegesho nayo yamekamilika, mradi wetu wa kwanza kumalizika ndani ya siku moja. Leo mkurugenzi ameliacha gari hapo juani kwa saa tatu. Alipotoka na kuugusa usukani, alirudi ndani na kuleta masjala barua ya haraka: utafutwe mmea wa kivuli, wa asili ya hapa hapa, usiohitaji maji mengi, upandwe penye maegesho mara moja. Barua imeelekezwa kwa mtunza bustani.

Mzee Mpira, tunakushukuru kwa moyo wote. Ijumaa utapewa saa ya ukutani. Tafadhali ipokee kwa heshima. Tunakuombea afya, usingizi mnono wa asubuhi na maua tele nyumbani kwako. Na hiyo barua, kwa kuwa unastaafu, hulazimiki kuijibu.