Mungu Aliniokoa na Fomu Nilizojaza Mwenyewe

Bwana asifiwe, wapendwa! Wale mlio karibu na mlango sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, sasa tuko pamoja. Kamwene, wazee wangu. Kamwene, mama zangu.

Wengi hapa Kihesa mnanifahamu. Mimi ndiye Bwana Afya. Miaka tisa nimevaa kaki, nimezunguka na kofia yangu na daftari langu nikikagua vyoo, visima na mabucha. Najua baadhi yenu mkiniona kwa mbali mlikuwa mnatuma mtu akafagie choo haraka haraka. Mnacheka? Chekeni tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nafurahia kuogopwa! Mtu akinijibu vibaya, nilimfanya achimbe shimo la choo siku hiyohiyo huku nimesimama juu yake. Nilikuwa nimeokoka mdomoni, lakini kiburi kilinijaa mpaka kwenye vifungo vya shati.

Basi serikali ikanipeleka masomoni. Nikapata shahada ya kwanza, nikapata ya pili, na mwisho chuo kikuu kikanikubali nisomee udaktari wa falsafa, upande wa mifumo na sera za afya ya jamii. Ndugu zangu, kichwa kilivimba! Mama yangu mzazi akatangaza sokoni kwamba mwanawe anakuwa daktari, na kesho yake nikakuta akina mama watatu wamekaa barazani kwangu na watoto wenye homa. Nikawaeleza kwamba mimi si daktari wa sindano, mimi nasomea jinsi zahanati zinavyopangwa na jinsi serikali inavyoamua mambo ya afya. Mmoja akaniangalia juu mpaka chini. Akasema, "Kumbe! Miaka yote hiyo ya shule na hata sindano hujui?" Akambeba mwanawe, akaenda zake.

Swali la utafiti wangu lilikuwa rahisi kulitamka. Watu wa bonde la Usangu wamehamia vijijini, zahanati zimejengwa, waganga wa serikali wapo. Kwa nini basi wagonjwa, hasa akina mama, wanapita mlangoni pa zahanati, wanakwenda mpaka barabara kuu pale Igawa kungoja basi la Mbeya, na wanafika hospitali hali imeshakuwa mbaya? Nikasema moyoni, hili ni jambo la mwezi mmoja. Bwana Afya mzima, nani atanificha kitu?

Nikachagua kijiji kimoja upande wa Igawa, cha wakulima na wafugaji waliotoka Usukumani. Nikaenda na gari la wilaya, kaki imepigwa pasi, kofia kichwani, na marundo ya fomu. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Masanja, akanitembeza nyumba kwa nyumba. Mnachemsha maji? Tunachemsha. Choo mnatumia? Tunatumia. Mkiugua mnakwenda zahanati? Tunakwenda, baba, tena mapema sana! Ikawa hivyo mpaka nyumba ya mwisho.

Nilimhoji mama mmoja anaitwa Mama Minza. Alikuwa amekaa mkekani, miguu ameifunika kanga, uso una tabasamu. Nikamuuliza kama ana tatizo lolote la mwili. Akasema hana. Je, mganga anawahudumia vizuri? "Vizuri sana, baba. Ni kijana mwema." Nikaandika: mzima. Nikafika na kwa mganga mwenyewe, Elia, kijana mpole aliyetokea upande wa Njombe, aliyekuwa amefunga ndoa palepale kijijini mwaka uliotangulia. Zahanati yake inang'aa, benchi la wagonjwa halina mtu. Nikaandika kwamba benchi liko tupu kwa kuwa watu wana afya njema. Wapendwa, niliandika hivyo kweli!

Nikatuma kila kitu kwa profesa wangu Dar es Salaam. Barua yake ikanifikia hapa Iringa. Aliandika hivi: kama watu hawa hawaugui na zahanati wanaitumia wote, wewe unatafiti nini? Ama wao wamekudanganya, ama wewe unanidanganya mimi. Akanipa mpaka mwezi wa sita nilete majibu yenye maana. Nikishindwa, nafasi yangu anapewa mtu mwingine.

Oo, nililia! Niliona jinsi mtakavyonicheka. Nilimwona mama yangu akipita sokoni kichwa chini. Na hapo, ndugu zangu, ndipo Shetani alipovuta kiti akakaa na mimi mezani. Jumamosi moja asubuhi nilichukua fomu mpya, kalamu ya bluu na kalamu nyeusi, nikaanza kuzijaza mwenyewe. Huyu nampa kuhara. Huyu nampa homa, anasema zahanati iko mbali. Huyu anasema dawa hazitoshi. Nilibadilisha mpaka mwandiko. Nikajaza fomu arobaini, na kusema ukweli, zilipendeza kuliko zile za mwanzo!

Mke wangu, Mama Neema, akaingia na chai. Akachukua fomu moja akaisoma. Akaniuliza, "Huyu mama mwenye kuhara anaitwa nani?" Nikavuta fomu nyingine. "Anaishi nyumba ipi?" Akaweka kikombe chini, akasema, "Baba Neema, yaani umekaa hapa unawaharisha watu ambao hawapo?" Nikawaka hasira. Nikamwambia haelewi mambo ya chuo. Akasema, "Sielewi kweli. Ila mimi niliolewa na Bwana Afya na nilikuwa naridhika. Udaktari wa hivi mimi siutaki nyumbani kwangu." Akarudi jikoni. Hakupiga kelele, wala hakununa, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nikajaribu kuendelea na fomu ya arobaini na moja, mkono ukagoma. Wapendwa, nilipiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji baridi ya Iringa nikasema, Bwana, mimi ni mwongo, na nimekuwa mwongo hata kabla ya leo, kwa sababu ninawatisha watu halafu nayaita majibu yao ukweli. Nilipoinuka nilizibeba zile fomu mpaka jikoni nikazitia zote motoni chini ya sufuria. Mama Neema akachochea bila kuuliza. Maharage ya siku ile yaliiva upesi, na tulikula tukicheka!

Kaki nikaiacha imetundikwa. Nikapanda basi kama abiria wengine, nina sweta na mfuko wa nguo, nikashuka Igawa, nikatembea mpaka kijijini. Nikamwomba Mzee Masanja awakusanye watu. Nikasimama mbele yao, nikasema yote. Kwamba nilikuja kwao kama askari. Kwamba nilitaka kuwaandikia magonjwa ya uongo ili mimi nipate shahada. Nikaomba msamaha. Mzee Masanja akasema, "Sasa Bwana Afya, leo utalala wapi?" Akanipa chumba kwake.

Nilikaa pale siku nyingi bila kumuuliza mtu swali. Nilikwenda nao shambani kupalilia mpunga, na siku ya kwanza niling'oa mpunga nikaacha majani. Akina mama walicheka mpaka wakakaa chini. "Hii ndiyo elimu ya chuo kikuu?" Nami nilicheka nao. Sikumbuki lini nilicheka hivyo nikiwa kwenye kaki.

Asubuhi moja nikamkuta Mama Minza njiani, anachechemea na fimbo, anaelekea barabarani. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kubahatisha, "Mwangaluka, mama." Nikaona kanga yake imelowa pajani, na harufu ikanifikia. Nimefanya kazi ya afya miaka mingi, nikajua hicho ni kidonda cha siku nyingi. Nikasema, "Mama, zahanati hii hapa, umeipita sasa hivi! Elia yupo!" Akakaa chini kwenye majani. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka machozi.

"Mwanangu," akasema, "nitamwonyeshaje mkwe wangu paja?"

Ndugu zangu, hebu nisikilizeni. Elia amemwoa Minza, binti wa mama huyu. Kwa mila za kwao, na kwetu hapa pia hatuko mbali, mama mkwe na mkwewe hawaangaliani hivihivi, sembuse kuvuliana nguo! Na si yeye peke yake. Dada zake ni mama wakwe wa Elia. Binamu zake ni mama wakwe wa Elia. Siku Elia alipofunga ndoa, nusu ya akina mama wa kijiji walipata mkwe na kupoteza mganga!

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia mara ya kwanza. Akanitazama kama anamtazama mtu mjinga kidogo. "Tungekwambia wewe, ungemhamisha. Akihamishwa, anaondoka na binti yangu. Naye ana mimba. Tukapatana tuseme zahanati tunaitumia." Wapendwa, nilishika kichwa. Kijiji kizima kilinidanganya kwa sababu ya upendo, na mimi nilikuwa nimekaa Kihesa nawatungia kuhara!

Nikampeleka mpaka Igawa, nikampandisha basi, nikafika naye hospitali Mbeya. Daktari alipofungua kile kidonda akaniambia, siku chache zaidi huu mguu tungeukata. Akalazwa wiki nyingi. Niliporudi kijijini nikamweleza Elia. Yule kijana akainamisha kichwa. "Najua, kaka. Ndiyo maana kila asubuhi naacha dawa dirishani, natoka naenda kisimani nakaa huko muda mrefu, ili mama waje wachukue. Lakini nitajuaje nani anaumwa nini? Naacha tu za kichwa na za tumbo." Nililia mbele yake kama mtoto. Yeye alikuwa anakwenda kisimani kwa ajili yao, mimi sikuwa nimekwenda popote.

Tangu siku hiyo midomo ya watu ikafunguka. Nikaenda vijiji vingine, Mbarali na huku Iringa, bila kaki, na swali langu la kwanza likawa: mganga wa hapa ni mkwe wa nani? Watu wanacheka kwanza, halafu wanasema yote. Hakuna kitabu cha chuo kilichokuwa na swali hilo. Nikaandika kwamba mganga anapangiwa kituo kana kwamba hataoa wala hatakuwa na ndugu, na kwamba pale alipooa, serikali isimhamishe, imwongezee muuguzi mwanamke.

Ikafika siku ya kutetea tasnifu. Nilikuwa nimeandika humo ndani habari za fomu arobaini na jinsi nilivyozichoma. Rafiki zangu walinisihi niiondoe sehemu hiyo, wakasema nitafukuzwa. Profesa akaisoma kwa sauti mbele ya wote. Akavua miwani. Akaniuliza, "Kwa nini tuyaamini majibu yako haya, wakati unakiri ulikuwa tayari kutudanganya kwa yale ya kutunga?" Nikamjibu, "Profesa, msiniamini mimi. Nendeni pale kijijini, muulizeni Mama Minza. Ila msivae kaki." Chumba kizima kikacheka, yeye hakucheka. Wakanitoa nje, nikakaa kwenye benchi nikisema, Bwana, ukininyima shahada hii bado nitakushukuru, maana moyo wangu umekuwa mwepesi. Wakaniita ndani. Profesa akasimama, akanipa mkono, akaniita Daktari! Haleluya!

Tulipofanya sherehe hapa Kihesa, wageni walitoka mpaka Usangu. Muuguzi mwanamke alikuwa ameshapelekwa kwenye zahanati ile, na Elia alikuwa bado yupo, na Minza alikuwa na mtoto mgongoni. Walikuja kwa basi moja, Elia amekaa mbele kabisa, mama mkwe wake nyuma kabisa, wala hawakugeukiana safari nzima. Ila kila kituo Elia alinunua machungwa akampa konda ampelekee mama kule nyuma. Basi likawashusha mjini. Mimi nilisimama mlangoni kwangu nikamwona Mama Minza anapanda huku Kihesa kwa miguu yake miwili, hana fimbo, ana jogoo kwapani, anapiga vigelegele. Mguu ule ndio niliouandika mzima kwa kalamu yangu wakati unaoza chini ya kanga.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Neema, simama wakuone, mke wangu. Shahada ninayo, iko ukutani, lakini Bwana angeniacha niipate kwa zile fomu arobaini, leo ningekuwa nimesimama hapa na mama mmoja hana mguu.

Ndugu yangu, labda na wewe kuna mahali unajibu "tunaendelea vizuri" na huku chini ya nguo kuna kidonda. Unaogopa ukisema utapoteza mtu, au kazi, au heshima. Mimi nilisema, na sikupoteza hata kimoja. Usingoje basi la Mbeya. Tabibu yupo hapahapa, wala kwake hakuna mkwe. Inuka sasa hivi ulipokaa, njoo mbele, tuombe pamoja.