Mzee Aziz Anaagwa kwa Mara ya Tatu

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Fundi Abdulaziz Husseini, ambaye hapa karakana tunamwita Mzee Aziz, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Wasomaji wa jarida letu watasema habari hii wameshaisoma. Ni kweli. Niliiandika mwaka 2022, nikaiandika tena mwaka jana, na mara zote mbili tulikula pilau, tukapiga picha, kisha tukamrudisha kazini. Nimechoka kumuaga mtu asiyeondoka, lakini yeye amechoka kuliko mimi.

Mzee Aziz ni mzaliwa wa Kisarawe. Alianza hapa Kibaha kama mchomeleaji wa mabodi ya malori, akahamia kwenye ekzosi, na huko ndiko alikopata jina. Hakuwa malaika. Alinuna chai ikichelewa, na akiazima spana yako ujue imekwenda. Wateja wa Mlandizi walimpenda hata hivyo, kwa sababu ekzosi aliyochomelea yeye haikurudi.

Magari ya vijana yenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, yalipoanza kuingia, yalikuja na sensa ya waidibendi. Ni kifaa kidogo, umbo lake kama plagi, kinachofungwa kwenye bomba la ekzosi ili kinuse moshi na kuiambia geji kama injini inapata petroli ya kutosha. Kikidanganya, fundi anapunguza petroli isiyopaswa kupunguzwa, tabo inasukuma hewa, na pistoni inayeyuka. Kwa hiyo suala zima ni tundu: litobolewe wapi?

Hapa kwetu bomba halitobolewi mpaka mkubwa wa kazi atie alama ya chaki. Ni desturi nzuri na imetuokoa mara nyingi. Ubaya wake ni kwamba mkubwa alikuwa mmoja, na wengine wote walizoea kumtazama kidole. Alipostaafu mara ya kwanza, Ambokile, aliyeachiwa kazi, hakuthubutu kushika chaki ya mzee. Chaki aliiogopa, drili hakuiogopa. Alitoboa bila alama, jirani kabisa na injini, kabla ya tabo, akidhani sensa itapata habari mapema. Pale moto ni mkali na moshi umebanwa. Sensa ilisema uongo siku chache, ikafa.

Mzee akaitwa. Alikuja kutazama gari moja, akakaa miaka miwili. Mwaka jana tukamuaga tena, na safari hii Ambokile alivuka tabo vizuri, ila akafunga sensa chini ya tumbo la bomba, ambako maji ya mvuke hukusanyika injini ikiwa bado ya baridi. Sensa ikapasuka. Simu ikapigwa Kisarawe.

Karakana nzima ilicheka, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mgongo wa Mzee Aziz umeharibika kwa kulala chini ya magari. Mkewe, Bi Mwanakheri, aliniambia mwenyewe kwamba siku hizi ndiye anayemfunga kamba za viatu, na kwamba daktari ameonya: akiendelea kuinama, kutembea kwake kutakuwa mashakani. Aliniomba tumwachie mume wake. Aliniomba kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenigombeza.

Mwezi uliopita iliingia Subaru nyingine yenye tabo, ya mteja wa Kwala. Ambokile akampelekea mzee chaki kama kawaida. Mzee akakataa kuipokea. "Tia wewe, mwanangu. Mimi nikiinama leo, siinuki," alisema, akaketi juu ya tairi kuukuu.

Ambokile alilizunguka lile gari hadi adhuhuri. Mteja alifoka, meneja akachungulia mlangoni na kurudi ofisini, chai ikapoa. Hatimaye alitia alama: baada ya tabo, kiasi cha urefu wa mkono, kabla ya masega ya kusafishia moshi, na upande wa juu wa bomba ili ncha ya sensa iinamie ndani na maji yadondoke. Kabla ya kutoboa akakagua kila ungio lililotangulia, kwa kuwa hewa ikipenya hapo geji husoma upuuzi. Sensa ile inafanya kazi mpaka leo. Mzee hakwenda kutazama. Alikuwa amesinzia pale pale kwenye tairi.

Mzee Aziz, asante kwa mabomba yasiyovuja na kwa kununa kwako, ambako tutakukumbuka chai ikichelewa. Bi Mwanakheri, tunakurudishia mumeo, na tunakuomba radhi kwa hali tunayomrudisha nayo. Mikorosho yenu ipalilieni taratibu, na kazi za kuinama waachieni wajukuu. Tunawatakia mapumziko ya kweli, usingizi mwema na mgongo usiouma.

Simu ya karakana ikiita, Mzee, usipokee. Safari hii tukikosea, acha liharibike bomba.

Modesta Maganga,
Stoo ya vipuri, Kibaha